Chuo Kikuu cha Kiislamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kabla ya Kujaza Fomu

Haya ni maswali yanayorudi kila msimu wa udahili unapokaribia. Mengine ni ya vijana waliomaliza sekondari, mengine ya wazazi wao. Majibu hayapambi wala hayakandii, na palipo na maoni yangu nimesema wazi kwamba ni yangu.

Chuo kikuu cha Kiislamu ni kipi hasa?

Jina ni moja, vitu ni vitatu. Ukilijua hilo mapema, maswali mengi yaliyobaki yatajijibu yenyewe.

Kuna chuo kilichoanzishwa ili kufundisha elimu za dini: sharia, Qur'ani, hadithi, itikadi na lugha ya Kiarabu. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilianzishwa mwaka 1961 kwa kazi hiyo, na tangu mwanzo kililenga zaidi vijana wanaotoka nje ya Saudi Arabia. Vitivo vya sayansi, uhandisi na kompyuta vilikuja baadaye sana.

Kuna chuo cha fani zote kinachoendeshwa katika mazingira ya Kiislamu. Mwanafunzi anasoma uchumi, sheria au ualimu, lakini ana masomo kadhaa ya dini ambayo ni ya lazima, na ratiba imepangwa kwa kuzingatia sala. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu cha Malaysia, kilichoanza mwaka 1983, ni cha aina hii. Kadhalika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofungua milango yake Mbale mwaka 1988.

Halafu kuna chuo ambacho Uislamu umo zaidi katika jina, historia au umiliki wake kuliko katika mtaala. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Kiislamu kilichopo Gazipur, Bangladesh, ni cha Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu (OIC) lakini kinachofundishwa humo hasa ni uhandisi. Aligarh ya India ilianza mwaka 1875 kama chuo cha kuwapa Waislamu elimu ya kisasa, ikapata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1920, na inapokea watu wa dini zote.

Al-Azhar haikai vizuri katika kundi lolote. Ilianza kama msikiti mjini Cairo katika karne ya 10, ikawa kitovu cha elimu za dini kwa mamia ya miaka, kisha sheria ya mwaka 1961 ikaiongezea vitivo vya udaktari, uhandisi, kilimo na biashara. Kwa hiyo anayekuambia "nimesoma Azhar" huenda akawa mwanachuoni wa fiqhi, yaani elimu ya hukumu za dini, huenda akawa daktari wa meno. Muulize kitivo gani.

Kumbe ni madrasa iliyokua tu?

Hapana. Madrasa na darsa za msikitini zinamfuata sheikh. Unakaa mbele yake, mnakisoma kitabu toka bismillahi hadi mwisho, ukikimaliza na akiridhika nawe anakupa ijaza, yaani idhini ya kukisomesha kama alivyokipokea yeye kwa mwalimu wake. Chuo kikuu kinafuata mihula, mtaala na alama. Unatoka na shahada yenye muhuri wa taasisi, na kile kitabu pengine mmesoma milango mitano tu.

Wanafunzi makini wa Madina na Cairo huchukua vyote viwili: asubuhi kitivoni, jioni kwenye halaka, yaani duara la darsa la msikitini. Nijuavyo mimi, jioni ndiyo inayomtengeneza mtu. Lakini shahada ndiyo inayosomwa na mwajiri.

Faida yake kubwa ni ipi?

Ningeambiwa nitaje moja, ningetaja Kiarabu. Mtu anayekijua Kiarabu cha vitabu anaacha kutegemea tafsiri za wengine. Anafungua kitabu mwenyewe, anaona wanachuoni walivyohitilafiana, anajua ni wapi msemaji wa mimbarini amekata nukuu katikati. Huo ni uhuru ambao kozi fupi haiwezi kukupa.

Faida ya pili ni walimu waliobobea katika jambo moja. Nyumbani wengi wetu tulisomeshwa na maalimu mmoja aliyefundisha kila kitu, Mungu amlipe. Kitivoni unakuta mtu ametumia miaka 30 katika elimu ya wapokezi wa hadithi tu, mwingine katika usuli wa fiqhi tu, yaani misingi ya kutoa hukumu. Ukikaa naye muhula mmoja, unaanza kuelewa kwa nini wakubwa wa fani hii hawaharakishi kujibu.

Ya tatu ni wenzako. Madina ina wanafunzi kutoka nchi zaidi ya 100. Unakaa bwenini na Mbosnia, Mnaijeria na Mwindonesia, na ghafla unagundua kwamba mambo mengi uliyodhani ni Uislamu wenyewe ni desturi za kwenu tu, na mengine uliyodhani ni desturi yana asili yake katika fiqhi. Hili halimo katika mtaala wowote.

Na kuna wepesi wa maisha ya kila siku, ambao aliyewahi kusoma kwingine ndiye anayeuthamini. Huombi ruhusa ya kwenda Ijumaa, huulizi kila siku kama nyama imechinjwa, mtihani haupangwi saa ya sala, na Ramadhani ratiba inabadilika pamoja nawe.

Je, ni kweli kwamba vyuo hivi vinaunganisha dini na elimu za kisasa?

Ndilo lengo lililotangazwa. Mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu elimu ya Waislamu, uliofanyika Makka mwaka 1977, ulilalamikia mgawanyiko uliokuwapo: upande huu mashekhe wasiojua uchumi wala sayansi, upande ule wasomi wasiojua dini yao. Katika wimbi hilo la fikra ndipo vilipoanzishwa vyuo vikuu vya kimataifa vya Kiislamu vya Islamabad, mwaka 1980, na Malaysia miaka mitatu baadaye.

Utekelezaji ni jambo jingine. Mahali pazuri, mwanafunzi wa uchumi anajifunza jinsi riba inavyofanya kazi benki, kisha anasoma kwa kina kwa nini fiqhi inaikataa na mikataba gani inaweza kushika nafasi yake. Hapo muungano upo kweli. Mahali pengi, hata hivyo, masomo hayo mawili yanakaa jirani bila kusalimiana: mhadhiri wa uchumi anafundisha kitabu kilekile kinachofundishwa kila chuo duniani, na somo la dini linakuja mara moja kwa wiki kama nyongeza. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu, si afisa wa udahili, masomo yake ya dini na ya fani yaliwahi kukutana wapi.

Kiarabu changu ni cha kusoma Qur'ani tu. Nitaweza?

Utaweza, ila hesabu miaka. Vyuo vinavyofundisha kwa Kiarabu vina maahadi ya lugha kwa wasio Waarabu, na kozi hiyo inaweza kuchukua hadi miaka miwili kabla hujakanyaga kitivo. Shahada ya miaka minne inakuwa sita. Mwenzako uliyemaliza naye sekondari atakuwa ameshafanya kazi miaka miwili siku unapovaa joho. Wazazi wengi hili hawaambiwi, wakadhani mtoto amefeli na kurudia madarasa.

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji, kwa kuwa maneno mengi atayatambua. Lakini mtaji huo una mitego. *Saqf* kwa Kiarabu ni paa au dari, na sisi sakafu tunaikanyaga. *Ghurfa* ni chumba, kwetu ghorofa ni nyumba nzima juu ya nyumba. Ukisema *tafaddal* ukidhani unaomba, kumbe unamkaribisha mtu achukue. Haya ni mambo ya kuchekesha wiki za mwanzo. Kinachochosha kweli ni nahau na sarufi, na mhadhiri anayeanza kwa Kiarabu fasaha kisha akateleza kwenye lahaja ya kwao. Cairo hiyo ndiyo hali ya kila siku. Mtaani hutasikia lugha uliyoisoma darasani.

Ushauri wangu: usisubiri kufika. Anayekwenda tayari anaweza kusoma ukurasa usio na irabu, hata kwa kubabaika, anaweza kupunguziwa ngazi katika mtihani wa kupangiwa madarasa. Ukifika, usiishi na watu wa lugha yako peke yao. Wapo waliokaa miaka sita katika nchi ya Kiarabu na Kiswahili chao ndicho kilichokua.

Kama lugha ndiyo kikwazo, kumbuka kwamba Malaysia, Uganda na Gazipur hufundisha kwa Kiingereza fani nyingi au zote.

Nikisoma sharia nitapata kazi gani?

Hapa ndipo penye majuto mengi, kwa hiyo tuseme yote.

Njia iliyozoeleka ni ualimu wa dini na Kiarabu, uimamu na daawa. Kazi hizo zina heshima, lakini nafasi zenye mshahara wa kueleweka ni chache na wahitimu ni wengi. Ukadhi upo katika nchi zenye mahakama za kadhi, lakini makadhi huteuliwa wachache na hustaafu wazee. Usijenge maisha yako juu ya kiti ambacho kina mtu.

Njia zinazopanuka ni zile zinazohitaji fiqhi pamoja na kitu kingine. Benki na bima za Kiislamu zinahitaji watu wanaojua murabaha (kuuza kwa faida iliyotajwa), mudharaba (ubia wa mtaji na kazi) na takafuli (bima ya kusaidiana) kwa vitabu, na papo hapo wanaweza kusoma mizania. Viwango vyao vingi hutungwa na AAOIFI, taasisi iliyoundwa mwaka 1991 na yenye makao yake Bahrain, na taasisi hiyo hutoa vyeti vya taaluma ambavyo mhitimu wa sharia anaweza kuvifanyia mtihani. Ukaguzi wa bidhaa za halali ni njia nyingine. Kugawa mirathi na kusimamia wakfu ni kazi ambayo familia zinaihitaji kuliko zinavyokiri. Tafsiri na ukalimani wa Kiarabu vina soko, ila hapo unashindana na yeyote aliyekijua Kiarabu, hata ambaye hakusoma sharia.

Jambo linalowaumiza wengi ni hili: shahada ya sharia si shahada ya sheria. Katika nchi zinazofuata mfumo wa kisheria wa Kiingereza, mhitimu wa sharia hawezi kusajiliwa kuwa wakili kwa shahada hiyo pekee. Anayetaka vyote atafute chuo kinachotoa zote mbili. Katika chuo cha Malaysia, kwa mfano, mwanafunzi wa sheria anasoma sheria za serikali na sharia katika kitivo kimoja.

Shahada yangu itatambuliwa nikirudi?

Usilichukue jibu kwa chuo chenyewe. Kila chuo kitakuambia "inatambuliwa duniani kote". Nenda kwa mamlaka inayosimamia vyuo vikuu katika nchi unayotaka kufanyia kazi, uliza kwa maandishi, na uliza kuhusu shahada yenyewe kwa jina lake. Chuo kinaweza kuwa na ithibati na kozi mojawapo ikawa haina. Kwa udaktari, famasia, uhandisi na sheria uliza pia bodi ya taaluma husika, kwani mamlaka ya vyuo inaweza kukubali na bodi ikakataa.

Kabla ya kwenda kuna upande mwingine wa shilingi: chuo nacho lazima kikutambue wewe. Al-Azhar haipokei cheti chochote cha sekondari ilimradi cheti. Inataka cha mfumo wake au ambacho shule yake ina mkataba wa ulinganifu nayo. Asiye nacho huanzia ngazi ya chini, wakati mwingine darasani na watoto. Shule nyingi za Kiislamu nje ya Misri zina mkataba huo, nyingine zinadai tu kuwa nao. Omba kuuona.

Ukihitimu, usipande ndege mpaka matokeo yako yamepigwa muhuri na wizara ya elimu, wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Chukua nakala zaidi ya moja, na muhtasari wa kila somo ulilosoma. Wanaolipuuza hili hulikumbuka baadaye kwa uchungu. Vita vilipozuka Khartoum, Sudan, Aprili 2023, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika na vyuo vingine vya mji ule walikimbia na walichokuwa nacho mkononi. Aliyekuwa na nakala zake kwenye simu alikuwa na pa kuanzia.

Nataka udaktari au uhandisi. Nichague chuo cha Kiislamu?

Chagua maabara na hospitali kwanza, jina baadaye. Dini utaisoma popote ukitaka, lakini hakuna msikiti utakaokufundisha upasuaji. Uliza hospitali ya mafunzo ina vitanda vingapi, mwanafunzi anaanza kuona wagonjwa mwaka gani, na wahitimu wanafaulu kwa kiasi gani mtihani wa leseni. Chuo kikijibu vizuri maswali hayo, basi mazingira ya Kiislamu ni nyongeza njema. Kumbuka tu kwamba masomo ya dini yanaongeza mzigo juu ya mzigo. Mwanafunzi wa tiba wa Azhar ana mitihani ambayo mwenzake wa chuo kingine mjini humohumo hana.

Ufadhili kamili maana yake silipi chochote?

Mara chache. Ufadhili wa Madina ni miongoni mwa mikubwa: masomo, bweni, posho ya kila mwezi na tiketi. Lakini una masharti, na umri ni mmojawapo. Shahada ya kwanza hutaka mwombaji awe kati ya miaka 17 na 25, na cheti cha sekondari kisiwe cha zamani sana. Kitivo cha Qur'ani kinataka uwe umehifadhi Qur'ani yote. Vyuo vingine husema "ufadhili" wakimaanisha ada tu, na chakula, malazi, bima na vitabu ni juu yako.

Kuna kasoro mbili ambazo fomu haisemi. Ya kwanza, mfadhili anaweza kukuchagulia kitivo. Uliomba sharia, ukapewa lugha. Kubadilisha kunawezekana mara nyingine, lakini usiende ukiwa na uhakika nako. Ya pili, posho hucheleweshwa. Nenda na akiba ya kukutosha miezi mitatu hivi.

Na dalali? Fomu za ufadhili wa Madina zinajazwa mtandaoni bila malipo. Anayekuomba hela ili "akupitishe" anauza kitu ambacho si chake. Kumlipa mtu akusaidie kutafsiri vyeti ni sawa. Kumlipa akupatie nafasi si sawa, na kwa anayekwenda kusoma dini, huo ni mwanzo mbaya.

Nikienda nitabadilishwa msimamo wa dini?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa na wazazi. Jibu la kweli ni kwamba kila chuo kina mwelekeo wake, na kukaa miaka minne au sita mahali lazima kukuachie alama.

Al-Azhar inafundisha fiqhi ya madhehebu manne, na katika itikadi inafuata njia za maimamu Ash'ari na Maturidi. Tasawwuf, yaani usufi, ina nafasi yake pale. Madina inafundisha itikadi kwa njia ya Athari, ya kushika mapokezi, wanayoiita njia ya salaf, yaani wema waliotangulia, na ina msimamo mkali dhidi ya mambo mengi ambayo Azhar inayaona ya kawaida. Malaysia inachanganya walimu wa kila upande. Anayetoka katika jamii ya Kishafi yenye maulidi na nyiradi atakaa Cairo bila kushtuka sana. Madina atakuta mengi ya hayo yanaitwa bidaa, yaani uzushi katika dini.

Sisemi chuo gani kina haki. Ninachosema ni kwamba uende ukijua. Tatizo nililoliona mara nyingi si mtu kubadilika, kwa sababu msomi hubadilika, bali ni anavyorudi. Kijana anarudi likizo ya kwanza, amemaliza ngazi mbili za lugha, tayari anawasahihisha wazee msikitini mbele ya watu. Wazee wananuna, msikiti unagawanyika, na elimu aliyoibeba inakosa wa kuipokea. Aliyemaliza miaka yote sita na kusoma hitilafu za wanachuoni kwa undani mara nyingi ndiye mpole zaidi. Elimu nusu ndiyo yenye kelele.

Njia moja ya kujilinda ni kusoma madhehebu ya kwenu vizuri kwa mashekhe wa kwenu kabla ya kuondoka. Ukibadilika baadaye, ujue umebadilika kutoka kitu gani.

Ufundishaji ukoje? Ni kuhifadhi tu?

Kuhifadhi kuna nafasi kubwa, na si aibu. Aliyehifadhi matini ya fani ana kabati kichwani, kila analosoma baadaye linapata pa kukaa. Udhaifu unakuja pale mtihani unapotaka maneno ya mhadhiri yarudishwe kama yalivyo na kidaftari cha muhtasari kinachouzwa kwa mpiga chapa kinatosha kukupitisha. Hilo lipo katika vyuo vingi vyenye wanafunzi wengi, vya Kiislamu na visivyo vya Kiislamu.

Kinachokosekana zaidi ni mbinu za utafiti: kutumia takwimu, kuhoji watu, kuandika makala ya kitaaluma kwa lugha ya kimataifa. Mhitimu wa hadithi amefunzwa kuchuja mapokezi kwa ukali ambao mwanahistoria angeuonea wivu, lakini hajui kuieleza kazi yake kwa mtu asiye wa fani. Akijifunza hilo, kwa juhudi zake mwenyewe, anakuwa mtu adimu.

Asiye Mwislamu anaruhusiwa?

Inategemea aina. Uganda, Malaysia na Aligarh wanapokea wasio Waislamu, nao huko hufuata kanuni za mavazi na mwenendo za chuo. Madina na Al-Azhar ni kwa Waislamu.

Na wanawake?

Al-Azhar iliwafungulia wanawake kitivo chao baada ya mageuzi ya mwaka 1961. Islamabad ina kampasi mbili, ya wanaume na ya wanawake. Chuo cha Uganda kina kampasi ya wanawake Kabojja, Kampala, ingawa wanawake husoma Mbale pia. Madina kwa miongo mingi ilikuwa ya wanaume tu.

Kutenganishwa kuna watetezi wengi miongoni mwa wanawake wenyewe. Wengi wanasema wanazungumza zaidi darasani, wanaongoza vyama vyao, na wazazi waliokuwa wakikataa wanaruhusu. Kasoro yake ni ya vitendo, nayo usiidharau: upande wa wanawake unaweza kuwa na kozi chache, maktaba ndogo, au mhadhiri bingwa anayesikika kwa spika tu bila nafasi ya kumuuliza. Usiulize kama kuna "kampasi ya wanawake". Uliza kozi yako inafundishwa hapo na nani.

Kwa anayetaka kusoma nje ya nchi, uliza pia sharti la mahramu, yaani ndugu wa kiume wa kumsindikiza mwanamke, kabla ya kupoteza muda kwenye fomu.

Kanuni za chuo ni kali kiasi gani?

Mavazi ya heshima, mabweni yaliyotengwa, saa za kuingia, hakuna pombe wala sigara. Aliyesoma shule ya bweni hatashangaa. Mzazi asitarajie zaidi ya hapo, kwani chuo kitaadhini lakini hakitamwamsha kijana wako.

Je, nisome shahada ya kwanza nyumbani, kisha uzamili ndiyo niende?

Kwa wengi, naam, na huu ndio ushauri ninaoutoa mara nyingi kuliko wote. Soma fani yenye kazi nyumbani, jifunze Kiarabu jioni kwa miaka hiyo, kisha nenda kwa uzamili wa benki za Kiislamu, elimu au historia. Unakwenda ukiwa mtu mzima mwenye swali lako mwenyewe. Ila ukitaka kuwa mwanachuoni wa fiqhi au hadithi, ushauri huu haukufai. Elimu hizo zinataka umri mdogo na miaka mingi, na kuzianza ukiwa na miaka 27 ni kupanda mlima kwa upande wenye jabali.

Naweza kusoma kwa mtandao?

Unaweza, na kwa mwenye kazi na familia ni njia ya haki kabisa. Angalia mamlaka ya nchi yako inasemaje kuhusu shahada za masafa, na angalia jina. Al-Madinah International University ni chuo cha Malaysia, tofauti kabisa na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina cha Saudi Arabia. Si chuo cha uongo, lakini wapo waliojisajili wakidhani ni kilekile.

Nimeomba Madina miaka miwili, sijajibiwa. Nifanye nini?

Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na ombi linaweza kukaa muda mrefu likionyesha kwamba bado linaangaliwa. Liache hapo, hakiki tu kwamba pasipoti uliyoiweka haijaisha muda wake na picha za vyeti zinasomeka, kwa sababu maombi mengi hukwama hapo. Wakati huohuo jiunge na chuo kilichokukubali na uanze masomo. Wapo walioitwa wakiwa mwaka wa pili wa shahada nyingine, na ikawabidi waamue upya.